Ufukwe wa Ras Kazone na maana ya askari kuwa tayari

Kila Jumamosi asubuhi, mvua isiponizuia, natembea kutoka Chumbageni hadi Ras Kazone, hapa mjini Tanga, pamoja na jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini kwa cheo cha sajinitaji baada ya kufundisha kuruta kwa miaka mingi. Hapendi jina lake litajwe, kwa hiyo hapa nitamwita Mzee, kama ninavyomwita tukiwa njiani. Jumamosi iliyopita tulisimama juu ya ufukwe yapata saa nne, bamvua, yaani maji yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, ikiwa imekupwa na mizizi ya mikoko ikionekana yote, naye akaniuliza kama ninajua kwa nini askari wapatao 8,000 wa Waingereza walioletwa hapa mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, walishindwa na watu wapatao 1,000 wa jeshi la Wajerumani. Nilimjibu kama anavyojibu kila mtoto aliyesoma Tanga: nyuki, waliowavamia katikati ya mapigano.

"Nyuki walikuja siku ya tatu, mwanangu," alisema. "Wale walikuwa wameshashindwa kabla hawajakanyaga mchanga huu."

Nimelitafakari jibu hilo wiki nzima, kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo watu wengi tunaotazama gwaride la sherehe za taifa hatulioni. Tunapoona kombania inapita kwa hatua moja, viatu vinang'aa na bunduki zimelala begani kwa mstari ulionyooka, tunasema jeshi liko tayari. Kwa mafundisho ya Mzee, na kwa yale niliyoyasoma na kuyapitia mwenyewe, nimeamini kwamba hakuna askari aliye tayari kwa jumla. Askari huwa tayari kwa mahali fulani, akiwa na wenzake fulani, kwa muda fulani. Ukimhamisha, ukimtenganisha na wenzake au ukimwacha akae, utayari ule unapungua.

Tuanze na hapa kwetu. Meli zilizokuja Tanga ziliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914, na askari waliokuwamo, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, walikuwa wamekusanywa kwa haraka kutoka sehemu mbalimbali za India. Vikosi vingi kati ya hivyo havikuwa vimewahi kufanya zoezi lolote pamoja. Baadhi vilikuwa vimekabidhiwa bunduki mpya muda mfupi kabla ya safari, silaha ambazo mikono ya askari haikuwa imezizoea. Watu wale walikaa melini zaidi ya wiki mbili katika joto na msongamano, wengi wakitapika kwa kichefuchefu cha bahari, na meli zilipofika upande wa Mombasa hawakuteremshwa hata wanyooshe miguu. Walianza kuteremshwa Ras Kazone usiku wa tarehe 2 Novemba, wakapita majini na kwenye matope, na asubuhi yake wa kwanza wao wakaamrishwa kuuelekea mji. Shambulio kuu la tarehe 4 lilianza jua likiwa la utosi, katikati ya mashamba na vichaka ambamo mtu hawezi kumwona mwenzake aliye hatua chache kutoka alipo.

Upande wa pili walikuwapo askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, waliokuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao waliletwa kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Silaha zao nyingi zilikuwa bunduki za zamani zilizotoa moshi mzito kila zilipofyatuliwa, jambo ambalo humfichulia adui ulipojilaza. Kwa silaha pekee, basi, wao ndio waliokuwa nyuma. Lakini walikuwa wamelizoea jua hili na vichaka hivi, na walifundishwa katika kombania ndogo zilizoweza kujitegemea kwa chakula, wapagazi na amri. Kombania iliyotengwa na nyingine iliendelea kujua la kufanya. Tarehe 5 Novemba jeshi la Aitken lilirudi melini likiwa limepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, na likaacha nyuma bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000.

Ipo sehemu ya habari hii ambayo husahaulika kwa sababu ya nyuki, nayo ndiyo inayonifunza zaidi. Si vikosi vyote vya Aitken vilivyovunjika. Batalioni ya Loyal North Lancashire na askari wa Kashmir waliingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba hadi karibu na bandari. Bahari waliyovuka ilikuwa ile ile na jua lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba hao walikuwa wameishi na kufundishwa pamoja kwa muda mrefu, kiasi kwamba mkanganyiko ulipotokea kila mmoja alijua mwenzake wa kulia atafanya nini.

Sisemi haya kumsifu Lettow-Vorbeck. Vita alivyoviendeleza hadi Novemba 1918 vilikula vyakula vya vijiji, vikaleta njaa, na vikaua wapagazi kwa makumi ya maelfu katika pande zote mbili. Kila ninapopita Kariakoo, Dar es Salaam, nakumbuka kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, watu wetu waliobeba vita ambavyo havikuwa vyao. Nasema tu kwamba mazingira hayakupendelea upande wowote kwa uchawi. Yalimpendelea aliyekuwa ameyazoea.

Waingereza wenyewe walichelewa kulielewa jambo hilo. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts, kamanda wao, aliongoza maelfu ya askari kutoka Afrika Kusini, watu wenye nguvu waliozoea nyika kavu na vita vya farasi, na kwa hesabu ya ramani walisonga vizuri: walishuka bonde la Pangani, wakapita Handeni, na Tanga ikachukuliwa mwezi Julai mwaka huo. Lakini mbung'o waliwaua farasi, na malaria, kuhara na njaa viliwamaliza watu. Batalioni ya 9 ya askari wa miguu ya Afrika Kusini ilianza mwezi Februari na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliokuwa na afya ya kupigana walikuwa 116, na vita vyenyewe walikuwa hawajavipigana sana. Baada ya hapo Waingereza waliwaondoa wengi wa askari hao na kupanua jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, kutoka batalioni 3 hadi 22.

Hapa nirudi kwenye maisha yangu. Nilipopita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, katika kambi moja ya mkoa huu, kombania yetu ilikuwa na kijana kutoka Makete ambaye kwao alikuwa mkimbiaji hodari kuliko sisi sote. Siku ya nne ya mchakamchaka, yapata saa nne asubuhi, alianguka. Ngozi yake ilikuwa ya moto, akawa anazungumza maneno yasiyoeleweka. Walimu wetu walikuwa wepesi: walimvuta kivulini, wakamvua shati, wakamwagia maji mwili mzima na kumpepea bila kusimama hadi gari lilipofika. Alipona. Wengine tulimcheka pembeni, tukasema watu wa baridi ni dhaifu, na leo naona aibu kwa neno lile, maana baada ya wiki mbili na nusu kijana yule alikuwa anaongoza mbio na sisi tunamfuata.

Kilichotokea mwilini mwake kinajulikana vizuri, na majeshi makini hukiandikia ratiba. Mwili wa mtu huhitaji siku 7 hadi 14 za kufanya kazi katika joto kidogo kidogo ndipo uzoee. Katika siku hizo kiasi cha maji ya damu huongezeka, moyo huacha kwenda mbio kupita kiasi, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea kwa jasho hupungua. Mazoea hayo hayadumu: mtu akikaa wiki tatu au nne mahali pa baridi, sehemu kubwa ya mazoea hayo hupotea, na akirudi pwani huanza upya. Kwa hiyo afisa anayepokea askari wapya kutoka nyanda za juu na kuwapeleka mwendo mrefu na mzigo siku ya pili tu anawaweka hatarini, hata kama nia yake ni kuwakomaza. Mzee alikuwa na kanuni aliyoishika kwa ukali: siku za mwanzo alifundisha alfajiri na jioni, mchana alifundisha kivulini, na kila kuruta alikunywa maji mbele ya macho yake. Kuruta mwenye aibu, anasema, hasemi ana kiu.

Milima nayo ina ratiba yake. Tunaoishi Tanga tunaijua kwa sehemu, kwa sababu mtu anaweza kuondoka mjini akiwa na shati moja na jioni akawa Lushoto anatafuta sweta. Lakini Lushoto haipunguzi hewa kiasi cha kumwangusha mtu. Jeshi la India, ambalo lina askari kwenye barafu ya milimani ya Siachen na ambalo tangu mwaka 1948 lina shule ya vita vya milimani Gulmarg, hulazimisha kila anayepanda apite hatua tatu: siku 6 kati ya mita 2,700 na 3,600, kisha siku 4 hadi kufikia mita 4,500, kisha siku 4 nyingine kabla ya kupanda zaidi. Anayerukishwa hatua anaweza kujaa maji mapafuni au kwenye ubongo na kufa bila risasi kupigwa. Hata silaha hubadilika huko, kwa kuwa hewa nyepesi huruhusu kombora liende mbali kuliko linavyokwenda tambarare, na mpiga mzinga asiyefundishwa hilo atapita juu ya shabaha yake.

Baridi nitaipita haraka, kwa kuwa sijawahi kuiona theluji. Mfano mmoja unatosha. Katika vita vya Ufini na Umoja wa Kisovieti, divisheni ya Kisovieti iliyotoka Ukraine iliingizwa katika misitu ya Ufini ikiwa na magari na mizinga lakini bila mazoezi ya kutosha ya kutembea kwa skii, na mwezi Januari 1940 ilikatwa vipande na kuvunjwa kwenye barabara ya Raate na Wafini wachache waliokuwa wakiteleza juu ya theluji kama mvuvi wetu anavyoteleza na ngalawa yake.

Bahari ndiyo inayonigusa, kwa sababu ni yetu. Mtu wa pwani anajua tofauti ya bamvua na maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kukupwa sana, tangu utotoni. Anajua siku ambayo mwamba unapitika na siku ambayo hata mtumbwi unakwama. Tarehe 20 Novemba 1943 Marekani iliteremsha askari wake wa majini kwenye kisiwa cha Betio, Tarawa, katika bahari ya Pasifiki, siku ya maji mafu, na maji juu ya mwamba hayakutosha mashua zao. Mashua zilikwama, na askari wakalazimika kushuka na kutembea majini mamia ya mita wakiwa na mizigo yao, huku wakipigwa risasi. Katika siku 3 walikufa takriban 1,000. Baada ya hapo Wamarekani waliongeza magari yanayopanda juu ya mwamba, na wakaunda vikundi vya waogeleaji wa kwenda kupima kina na kukagua ufukwe kabla ya jeshi kufika. Ukisimama Ras Kazone maji yakiwa yamekupwa, habari hiyo haihitaji ramani: unaiona.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2024 wanajeshi wa Tanzania, China na Msumbiji walipofanya zoezi la pamoja, na sehemu ya zoezi hilo ikafanyika katika kituo cha mafunzo cha Mapinga, wilayani Bagamoyo. Nchi yenye pwani ndefu kama yetu inahitaji askari anayejua nchi kavu na bahari zinavyokutana, na anayejua kuzungumza na askari wa lugha nyingine redio inapokwaruza.

Msitu niliufahamu kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa kwanza Ceylon (Sri Lanka ya leo), ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifundishwa, kisha Bama (Myanmar ya leo), na mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, hadi Kalewa mwezi Desemba. Mambo ya kuua hakupenda kuyasimulia. Alisimulia kamba. Usiku, alisema, walifunga kamba nyembamba kutoka shimo moja hadi jingine, ili mtu amwamshe mwenzake kwa kuivuta bila sauti. Na mchana mmoja wao alihesabu hatua kwa kuhamisha vijiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kwa sababu ndani ya msitu huoni mlima wala jua, na umbali unaujua kwa miguu tu. Alisimulia pia vidonge vya njano vya kuzuia malaria, vichungu, ambavyo walivimeza kwenye mstari huku afisa akiwatazama koo.

Nilipokua ndipo nilipoelewa kwa nini afisa alitazama koo. Mwaka 1943, katika jeshi la Waingereza lililokuwa mpaka wa India na Bama, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa kwa jeraha waliondolewa 120 kwa magonjwa. Jenerali William Slim alipochukua uongozi aliamuru vikosi vikaguliwe kwa kushtukizwa, na kamanda ambaye watu wake walionekana hawamezi dawa aliondolewa madarakani. Aliwaondoa watatu, na wengine wote wakaelewa. Kwa maoni yangu hilo ni somo kubwa kuliko mbinu nyingi za kivita: kinga ya ugonjwa ni kazi ya kamanda kama ilivyo shabaha, si kazi ya daktari peke yake.

Siku hizi majeshi makubwa hutafuta mazingira hata kwa kusafiri mbali. Waingereza hufanya mazoezi Nanyuki nchini Kenya kwa ajili ya ukavu na mwinuko, Brunei kwa ajili ya msitu na Norwei kwa ajili ya barafu. Wafaransa wana shule ya msituni huko Guyana yao, na Wabrazili wana yao Manaus. Marekani ina uwanja mkubwa Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, ambako brigedi nzima huja na vifaa vyake na kukutana na kikosi maalumu kinachoishi palepale, kazi yake ikiwa kuigiza adui. Kikosi hicho kinakijua kila kilima na kila korongo, nacho huwashinda wageni mara nyingi. Silaha hutoa mwali wa leza badala ya risasi, hivyo "aliyekufa" hujulikana mara moja na bado hurudi kula chakula cha jioni.

Nilimweleza Mzee habari za Fort Irwin, naye hakushangazwa na leza wala jangwa. Alichouliza ni: "Zoezi likiisha, nani anazungumza?" Nikamwambia kwamba wote hukaa pamoja, afisa na askari, wakapitia kilichopangwa, kilichotokea na sababu yake, na koplo anaweza kusema mbele ya kanali wake kwamba amri ilichelewa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema hilo ndilo gumu kuliko jangwa lenyewe, na mimi nakubaliana naye kabisa. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ni nzuri, lakini zoezi ambalo mdogo haruhusiwi kueleza alichokiona linabaki kuwa maonyesho, na kosa lililofichwa leo litarudi siku ambayo risasi ni za kweli.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni la muda. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, jeshi letu lililokuwa likilinda eneo lile lilikuwa dogo, na ilibidi mgambo na vijana wa JKT waitwe kwa wingi. Walifanikiwa, na Kampala ikaangukia mikononi mwao na mwa Waganda waliokuwa upande wao tarehe 11 Aprili 1979, baada ya mwendo ambao sehemu kubwa yake ilikuwa ya miguu. Lakini Mzee, aliyekuwa kijana katika safari ile, husema miezi ya kujiandaa kabla ya kuvuka mpaka ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu wengi walikuwa wamefundishwa zamani na mikono ilikuwa imesahau. Shabaha, kufungua na kufunga silaha gizani, kufunga jeraha linalovuja damu: hivi vyote vinahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache, hata na askari mwenye miaka kumi kazini. Nchi inayofundisha askari wake wa akiba mara moja na kuwaacha ina majina kwenye daftari tu.

Tulipokuwa tunataka kurudi, Mzee alinionyesha dumu la lita 20 ambalo kijana mmoja alikuwa akichotea maji, akaliazima, likajazwa, na akaniambia nilibebe begani kutoka kwenye ukingo wa maji hadi mchanga mkavu chini ya mwamba. Nimezaliwa Tanga na ufukwe ule naujua tangu utotoni. Niliteleza mara mbili, tope likanivua kiatu kimoja, na nilipofika nilikuwa nahema kiasi kwamba sikuweza kumjibu aliponiuliza nimehesabu hatua ngapi. Sikuwa nimezihesabu. Akasema bamvua ijayo tutairudia, lakini saa nne usiku, bila tochi.